Kiuno cha Chapchap

Mbwa wetu tulimwita Chapchap alipokuwa mdogo, kwa sababu ukigusa mlango tu, yeye alishafika getini. Sasa ana miaka kumi na mitatu, na kutoka jikoni mpaka getini anapumzika mara mbili. Akitaka kuinuka anatanguliza miguu ya mbele, anabaki amekaa kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta, ndipo ya nyuma inafuata.

Daktari wa mifugo alimpapasa magoti na nyonga. "Viungo vimechakaa, lakini kinachommaliza ni unene. Kikombe kimoja cha chakula asubuhi, kimoja jioni, basi. Mtembezeni kidogo kidogo, alale pakavu penye joto. Na dawa za maumivu za watu msimpe kabisa. Nitarudi baada ya wiki sita."

"Na asipopungua?" mwanangu akauliza.

"Atazidi kuteseka. Itabidi tuzungumze habari ya sindano ya kumpumzisha."

Mwanangu akasema sawa, haraka mno, akaingia ndani.

Mimi ni fundi cherehani. Mizani ya mbwa sina, futikamba ninayo. Kila Jumapili nilimzungushia kiunoni, nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Tulianza na inchi thelathini na nne. Chakula nilikipima kwa kikombe, nikakisawazisha kwa kidole. Nikamtandikia makoti mawili makuukuu, nikatandaza magunia sebuleni asiteleze kwenye vigae. Asubuhi na jioni tulikwenda mpaka kona na kurudi, mimi na magoti yangu, yeye na yake.

"Bibi, nani anamtembeza mwenzake?" jirani akatutania.

Jumapili ya pili, thelathini na nne. Ya tatu, vilevile. Ya nne, thelathini na nne na nusu!

"Labda futikamba imesinyaa, mama," mkwe wangu akasema.

"Imepima suti za mabwana harusi, haikusinyaa. Nani anamlisha?"

"Si mimi. Mimi na manyoya yake hatuelewani."

Mwanangu hakuinua uso kwenye sahani. "Mama, unajichosha bure. Ameshazeeka huyo."

Nikarudi kushona. Nimelea watoto watano, kunyamaza nakujua. Lakini siku hiyo nilivunja sindano mbili za cherehani.

Wiki ya tano mwanangu akaniletea suruali yake ya kazini. "Mama, mfuko umetoboka, nishonee."

Nikaugeuza nje. Kitambaa kilikuwa kigumu kwa mafuta yaliyoganda, na tundu lenyewe halikufumuka kwenye mshono. Lilikuwa limetafunwa.

"Hebu njoo hapa. Mfuko huu umeliwa na nani?"

Akasimama vile vile alivyosimama zamani akivunja kikombe. "Ngozi ya kuku tu, mama. Na mafuta ya nyama kidogo."

"Kila siku?"

"Nikitoka kazini. Niliona kwa vile anaondoka, basi aondoke ameshiba."

"Anaondoka kwa mkono wako! Wiki tano mimi nasawazisha kikombe kwa kidole, wewe unamwaga mfukoni!"

"Ananiangalia, mama."

"Na mimi ananiangalia! Nampa mgongo, nalia huko huko."

Nikaishona ile mifuko yote miwili, midomo kabisa, mshono wa mara mbili. Kisha nikaingia chumbani mwao nikachukua suruali zake nyingine tatu.

Daktari aliporudi nilipima mbele yake. Inchi thelathini na nne.

"Tumerudi tulipoanzia," nikasema. "Wiki sita nzima, daktari."

"Kwa hiyo wiki moja tu ndiyo mliyofanya kazi, na nusu inchi imetoka." Akafunga mkoba wake. "Sindano isubiri. Nipeni wiki sita za kweli."

Jioni hiyo tulikula kuku. Chapchap akajikokota mpaka kwenye kiti cha mwanangu, akamkazia macho. Nikaona mkono wa mwanangu unashuka taratibu na kipande cha ngozi, unatafuta mfuko, unapapasa mshono wangu, unapapasa tena.

Nikakohoa.

Akairudisha ngozi kwenye sahani, akamgeuzia mbwa mgongo.