Chumvi ya Mchuzi

Mama mpishi alikuwa amefunga akimwombea mumewe, aliyelala chumba cha pili na chakula hataki hata kukiona. Alichoka hoi, na maombi yenyewe yalishakuwa kama kugombana na ukuta. Leo mchuzi wa wateja ulikuwa tayari, naye haruhusiwi kuonja. Akampelekea mgonjwa kijiko.

"Baba watoto, hebu nionjee chumvi."

Mzee akaonja, akafikiri. "Sijaipata vizuri. Lete tena."

Akaleta.

"Bado."

Kijiko kwa kijiko, bakuli zima likaisha. Mpishi akajua chumvi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu afunge, akasali bila kuomba chochote.