Irabu Moja

...wala sikutaka kuligusa, kidole kilichoka tu kikalala juu ya neno, na kishikwambi hiki hakitofautishi kidole kinachouliza na kidole kilichochoka, mara kimefungua kidirisha cheupe katikati ya ukurasa, bumbuwazi, hali ya mtu kushangaa hadi akakosa la kusema, asante sana, mimi niliyesahihisha chapa miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha vitabu, mimi wa kufundishwa bumbuwazi na kioo, haya, kinafungwaje sasa, ukikwama gusa pembeni, alisema binti yangu, nagusa pembeni, hakifungi, kumbe nimegusa alama nyingine, kisaa kidogo, na hii ni nini tena, orodha... "Baba, na hizi blauzi?" anauliza binti kutoka chumbani, tangu asubuhi yumo humo anapanga nguo za mama yake, za kugawa boksi hili, za kubaki boksi lile, na mimi nimejificha hapa mezani na riwaya ambayo mama yake aliiacha njiani, asilimia sitini na moja, nimeianza mwanzo ili nimfikie pale alipoishia, nikimfikia nita... sijui nitafanya nini nikimfikia, "Zigawe," namwambia, "Hata hii ya kijani?" anasema, "Hiyo iache," nasema, kisha nasikia mkanda wa gundi ukivutwa, krrr, na mimi narudi kwenye orodha.

Maneno yaliyotafutwa, ndivyo ilivyoandikwa juu, na kila neno lina tarehe yake, saa yake na ukurasa wake, na mimi sijatafuta neno lolote zaidi ya hilo la bahati mbaya, kwa hiyo yote haya ni yeye, ni kidole chake, cha kushoto, maana cha kulia sindano za kushonea zilikikomaza miaka arobaini hata kioo hakikukisikia, anagonga, anagonga, mwisho ananung'unika, "Kibao hiki hakinitaki," na mimi, sema kishikwambi, Fundi, na yeye, "Kishikwambi kitoke wapi, nimeomba kibao changu, nipe kibao," na mimi, mwanamke akiomba kibao mara tatu atapewa kweli, akacheka mpaka akashika mbavu, cherehani ikasimama... yeye Fundi, mimi Kamusi, hatukuitana vingine ndani ya nyumba hii, tangu siku za mwanzo, yeye anapinda suruali ya mtu huku anasoma gazeti lililofungiwa vifungo, "We Kamusi, ghiliba ni kitu gani?" na mimi bila kuinua macho, hila, ulaghai, "Mbona wasiseme hila basi?" sijui, Fundi, waulize, na hata binti alipomletea kishikwambi, akamkalisha, shikilia neno, mama, na maana yake inakuja yenyewe, alimsikiliza kwa heshima zote kisha akaninyooshea kidole, "Ya nini, kamusi yangu ile pale, ina miwani na inakula," akaendelea kuniuliza, mwaka mzima, kishikwambi kiko mapajani na swali linakuja kwangu, halafu siku moja akaacha. Nilidhani amezoea mashine. Nilinuna hasa, mtu mzima nilinuna kwa ajili ya kioo, nikampigia binti simu, mama yako amenistaafisha kwa mara ya pili, tukacheka, na nilipokata simu nikakaa sana ukumbini nikisikiliza kimya chake, yeye chumbani anasoma, anajitafutia maneno mwenyewe, na mimi hapa nimejaa maneno kama duka lisilo na mteja.

Nateremsha orodha kwa kidole, polepole, nataka kuona alianzia wapi, ni neno gani hilo lililonifukuza kazi, msobemsobe, ukurasa wa mia na kumi, ghamidha, bezo, shifaa... shifaa? mbona hili halina ukurasa, maana yake halikutoka kitabuni, aliliandika mwenyewe herufi kwa herufi, na chini yake, mwisho kabisa, la kwanza kuliko yote, shufaa. Jumanne. Saa kumi na dakika ishirini jioni. Najua Jumanne hiyo. Ile asubuhi daktari alituvuta mimi na binti pembeni ya ngazi, akasema ugonjwa umeshafika kwenye ini, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, mumwambie nyie au nimwambie mimi, na mimi nikasema haraka kabla binti hajafungua mdomo, asiambiwe, atavunjika moyo, na binti akaniangalia, akaangalia sakafu, akasema sawa baba, kisha tukamkuta kwenye benchi la jengo la nyuma, mkoba mapajani, anasoma bango la mlangoni, kliniki ya tiba shufaa, na akaniuliza kama alivyoniuliza maelfu ya mara, "Kamusi, shufaa ni nini?" na mimi... mimi niliyerudisha kurasa nzima kiwandani kwa sababu ya nukta, niliyemwambia meneja wangu usoni kwamba neno lisilo sahihi halitoki mikononi mwangu, nikamtazama na kusema, ni shifaa hiyo, uponyaji, aliyeandika bango amekosea irabu. Irabu moja. Akatazama bango, akanitazama mimi, "Ahaa," akasema, "basi wamwambie arekebishe, wagonjwa watashindwa kuelewa," na akaingia.

Saa kumi na ishirini jioni, mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumkandia miguu, nilirudi na beseni nikamkuta amekilaza kishikwambi kifudifudi kitandani, nikadhani anapumzisha macho. Naligusa neno, kidirisha kinafunguka, huduma anayopewa mgonjwa asiyetarajiwa kupona ili kumpunguzia maumivu, alisoma hivi, kwa maneno haya haya, peke yake, ukuta mmoja kati yetu, halafu dakika mbili baadaye akatafuta shifaa ili anipe nafasi, Mungu wangu, ili aone kama labda mzee hakudanganya, halafu tena shufaa, lipo mara ya pili, nililipita bila kuliona, saa kumi na ishirini na tano, kisha nikaingia na beseni nikimwambia daktari amefurahi na maendeleo, na yeye akanyoosha miguu, "Nashukuru, maji yamepoa vizuri," ndivyo alivyosema, na tangu siku hiyo hakuniuliza neno tena.

Kwa hiyo alijua, miezi minne, alijua aliponiita nikae kwenye cherehani, njoo nikufundishe kushona kifungo, macho yangu yamechoka, nikajidunga mara sita akanicheka, alijua alipomwambia mteja nikipata nafuu nitakushonea huku akiniangalia kwa pembe ya jicho kuona kama nimeridhika, alikuwa ananilinda na mimi namlinda, tunalala mgongo kwa mgongo kila mmoja amekumbatia siri ile ile, mito miwili, shuka moja, na hakuna aliyesema naogopa, ningemwambia naogopa, Fundi, angenishika mkono, lakini kwanza angepata wapi pa kunishikia, nilishageuka bango lenye makosa... "Baba?" binti anaita, "kuna barua za wateja kwenye mkoba, nizitupe?" narudi juu ya orodha, kwenye neno lake la mwisho, siku tisa kabla hatujamzika, nalo halina ukurasa, mgane. Simkumbuki akilitamka hata mara moja. Watu husema mjane tu, mwanamume mjane, mwanamke mjane, hata fomu ya mazishi iliandikwa hivyo, na yeye amelitoa wapi, kwa mchungaji, kwa redio, kwa muuguzi, amelala pale na kidole chake cha kushoto anabonyeza m, g, a... naligusa, mwanamume aliyefiwa na mke wake, basi, hakuna zaidi, na mimi niliyedhani siku zile anajisomea riwaya yake, kumbe alikuwa ananiangalia mimi, anataka kujua nitaitwaje akishaondoka, na hakuniuliza, maana angeniuliza ningemjibu nini, ningesema ni kosa la chapa.

Mkanda wa gundi unalia tena, krrr, boksi lingine limefungwa, na mtoto huyu naye amebeba ile sawa baba ya pale kwenye ngazi, hajaitaja hata siku moja, anakunja na kukunja, na mimi nilikuwa nafikiri huzuni yake ni ya nguo. Nafungua mdomo. "Mama yako alijua," nasema, sauti inatoka kama ya mtu mwingine, chini mno, nasikia bado anaburuta boksi sakafuni, hajasikia, ningeweza kunyamaza sasa na hakuna ambaye angejua, "Mama yako alijua," nasema tena, kwa nguvu, na huko chumbani boksi linaacha kuburutwa.