Saba Mara Nane

Uligeuza uso. Usikane, mimi nina kumbukumbu ndefu. Mama Vifungo alipopita barabarani kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimenyolewa na kovu juu ya sikio, uliinamia simu yako kana kwamba imekuita. Miaka kumi na moja nyuma, mpiga pasi wetu alipoanza kuvaa kifaa cha kusikia, watu kama wewe mlisema anawarekodi. Sijasahau.

Mama Vifungo alishona nasi ushirikani miaka ishirini. Akaanguka ngazini, shingo ikaumia, mikono ikagoma. Hospitali wakampandikizia kidude kwenye ubongo: akikusudia kusogeza kidole, mshale unasogea kwenye skrini, na mashine ya kutarizi inaufuata. Alichotaka ni kazi yake tu. Wenzake kumi na wawili wakaandika barua: asirudi, eti anasikia yale watu wanayowaza. Saini ya kwanza? Mpiga pasi! Huyo huyo!

Kura ikapangwa Jumanne, saa nane mchana. Akishindwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Siku hiyo hakuna aliyepiga soga. Hata mimi, mpiga kelele wa karakana, nilimpita nikijihesabia saba mara nane, saba mara tisa, asije akanikuta na jambo kichwani. Aibu yangu hiyo, naiandika.

"Mama, tuonyeshe," mwenyekiti akasema. "Andika MUUGUZI kwenye koti hili."

Herufi ya M ikatoka imenyooka. U ikafuata. Mpiga pasi akaweka pasi chini.

"Dada, tuache unafiki. Mimi hapa nawaza nini?"

"Wewe? Unawaza kula."

"Ameona!" mshonaji wa mashati akaruka kutoka kitini. "Si niliwaambia?"

"Nimeona nini, shemeji? Tumbo lake linanguruma kuliko cherehani yako. Mwenyewe tu ndiye asiyelisikia!"

Mpiga pasi alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Sote tukafuata, na Mama Vifungo naye akacheka. Hapo mshale ukatoroka. U ya pili ikaota mkia, sindano ikaufuata hadi mfukoni mwa koti.

"Mnaniharibia kazi nyie! Nikicheka tu, mkono unanipotea."

Mkono wenyewe ulikuwa umelala mapajani, kimya. Tukautazama.

"Kumbe," mpiga pasi akasema polepole, "sisi ndio tunaomwingia yeye kichwani."

Kura ya kumrudisha haikuchukua hata dakika. Mpiga pasi alinyoosha mikono yote miwili, mwenyekiti akamwamuru ashushe mmoja. Mshonaji wa mashati peke yake hakunyoosha. Basi, nalo nimeliweka moyoni. Binti yake Mama Vifungo, aliyemsukumia kiti, alijifuta machozi kwa kipande cha bitana. Mimi nilikaa juu ya robota la vitambaa, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikawaza upuuzi wangu wote bila woga.

"Mtalia hadi lini?" Mama Vifungo akauliza. "Nileteeni koti jingine."

Sasa wewe. Kazini kwenu kuna mtu mwenye kidude kama hicho, ameambiwa asubiri nyumbani hadi mmzoee. Mtamzoeaje hayupo? Namba yake unayo. Mpigie sasa hivi, kabla hujafunua ukurasa mwingine, umwambie kesho asubuhi aje, na wewe ndiye utakayemfungulia mlango.