Wavu wa Kutia Mfukoni

Mwindaji alikuwa amechoka kurudi kutoka porini mikono mitupu, na leo alikuwa amemchosha muuza duka. Hema la kujifichia lilikuwa zuri, ila bei yake haishikiki, na kulibeba kungemvunja mgongo. Turubai la kijani lilikuwa rahisi, lakini lilichakacha hata kwa kuguswa tu. Alilikunjua, akalikunja, akalisukuma kando. Mwishowe akachukua wavu mwepesi wa rangi ya majani makavu, unaoingia mfukoni.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alichutama nyuma ya pipa la maji, akajifunika, akamwita mkewe aje amtafute.

Mke alitoka na beseni la nguo, akaanza kuanika bila haraka.

"Unaniona?" mumewe akauliza.

"Sikuoni."

Wavu ukasogea, goti likagonga pipa. "Na sasa? Hapa je?"

Mke akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba. "Mume wangu, wavu hauna kosa. Wala ule wa mwaka jana haukuwa na kosa. Wanyama hawajawahi kukuona. Wanakusikia."

Goti la mwindaji likaendelea kugonga pipa.