Breki ya Mbele ya Kitinda

Jina la Wasiwasi hakupewa na mama yake, alipachikwa na wateja. Ni fundi wa baiskeli ambaye akishakaza nati huirudia, akishairudia huigusa, na akishaigusa anaweza kumfukuzia mteja hadi barabarani ili aiguse tena. Siku moja alisimamisha mashindano mazima kwa ajili ya mkwaruzo aliousikia kwenye gurudumu. Lilikuwa jani kavu. Walimcheka mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaendelea.

Asubuhi hii alikuwa hakaliki. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ukoo mzima unamwita Kitinda, alikuwa ameondoka na baiskeli yake kwenda kuteremka mlima mbele ya watu wa timu kubwa. Wakimpenda, wanamchukua. Wasiwasi alifagia karakana, akaifagia tena, akahamisha ndoo kutoka kona moja kwenda nyingine, akairudisha.

Kilichomsumbua ni breki ya mbele. Kitinda alikuwa ameanguka mazoezini na mkono wa breki ukavunjika. Wa kampuni ileile ulitafutwa mji mzima, haukupatikana, basi akafungiwa wa kampuni nyingine. Hiyo si kazi ya kubahatisha. Breki za mafuta zina unyumba wake: mkono wa huyu na kalipa ya yule, kile kibanio cha gurudumuni, vinaweza kupatana kwa nje, skrubu zikaingia bila ugomvi, kumbe ndani havizungumzi. Kampuni nyingine hutumia mafuta mepesi maalumu, mekundu, nyingine hutumia ya aina ya gari, na raba za ndani zilizozoea haya zikinyweshwa yale huvimba kama mdomo ulioumwa na nyuki, breki ikanasa. Wasiwasi alikuwa amepima, ameuliza, amehakikisha: mkono na kalipa, vyote vinakunywa mafuta yaleyale mekundu. Jana ilibaki kuyajaza na kutoa hewa tu. Mama yao akapiga simu, na simu ya mama haina mwisho, ikabidi mume wa Wasiwasi aimalizie kazi.

Mumewe, Bwana Gereji, ni fundi wa magari. Karakana yao ni moja, imegawanywa kwa mstari wa chokaa: huku magari, kule baiskeli.

Aliponyanyua kitambaa kufuta rafu kwa mara ya tatu, Wasiwasi aliiona chupa ya mafuta mekundu. Imejaa. Pete ya plastiki kwenye kizibo haijakatwa.

"Baba watoto!"

"Naam," ilijibu miguu miwili chini ya gari.

"Breki ya Kitinda jana uliijaza nini?"

"Mafuta ya breki. Ulitaka niijaze uji?"

"Mafuta gani?"

"Yangu! Nilimfungulia kopo jipya kabisa. Shemeji yangu yule, nimpe kile kichupa chako cha dawa ya kikohozi?"

Wasiwasi alikuwa ameshampigia Kitinda simu. Ikapokelewa na rafiki wa Kitinda, aliyebaki chini ya mlima na mikoba ya wenzake.

"Dada, ameshapanda juu. Simu yake ninayo mimi."

"Mzuie asiteremke! Breki ina mafuta ya gari!"

"Dada Wasiwasi," sauti ilikuwa na kicheko, "leo tena? Jani gani safari hii?"

Aliikata. Bwana Gereji alikuwa ameshajitoa chini ya gari, ana grisi mpaka masikioni.

"Lakini niliibana, ikashika vizuri mno."

"Jana ilishika! Raba hazivimbi papo hapo. Washa pikapu."

Njiani hapakuwa na amani. Bwana Gereji alisema mafuta ni mafuta. Wasiwasi akamuuliza kama mafuta ni mafuta, mbona chapati hakaangii grisi. Bwana Gereji akakanyaga moto. Kila kona ya kupanda mlima Wasiwasi aliiona kwa macho ya mtu anayeishuka: jiwe hili, mtaro ule, mti ule uliokaa vibaya.

Walimkuta Kitinda kwenye mstari, kofia ngumu kichwani, mbele yake mtu mmoja tu.

"Shuka," Wasiwasi alisema akihema.

"Dada, nakuomba. Leo usinitie aibu."

"Bana breki ya mbele, halafu achia."

Kitinda akabana, akaachia. Mkono ulirudi, lakini ulirudi kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwenda kazini siku ya mapumziko.

"Ni baridi ya huku juu."

"Si baridi. Ndani kuna mafuta ya gari."

"Nimekuja nayo mpaka hapa, imeshika!"

"Fundi, toka njiani," alisema mwenye kipenga. "Anayefuata ni huyu."

Wa mbele akaondoka, vumbi likapanda. Kitinda akaweka mguu kwenye pedali. Wasiwasi alimtazama mumewe amsemee. Mumewe alikuwa kando ya pikapu, amevutiwa ghafla na tairi. Basi Wasiwasi akachomoa koleo mfukoni mwa aproni, akaukata mpira wa mafuta ya breki.

Tone la manjano, si jekundu, likaangukia kiatu cha Kitinda.

"Umefanya nini? Dada! Umefanya nini?"

Kipenga kililia. Aliyekuwa nyuma akapita, na aliyekuwa nyuma yake akapita. Kitinda alilia waziwazi, kama alivyokuwa akilia akinyimwa zamu ya bembea. Hapo ndipo Bwana Gereji alipoliacha tairi.

"Shemeji, mkosaji ni mimi. Yeye alifunga sawasawa. Mafuta ya gari nilitia mimi."

Kitinda aliwatazama kwa zamu. "Mmoja ananitilia sumu, mwingine ananikatia breki. Maadui zangu mmewaachia kazi gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinua baiskeli kwa mbele, akalisukuma gurudumu kwa hasira. Mpira umekatwa, hakuna kinachobana, lilipaswa kuzunguka mpaka likuchoshe. Likazunguka kidogo, likakwaruza, likasimama. Raba zilikuwa zimevimba, pistoni zimenasa, pedi zimeng'ang'ania diski. Akasukuma tena. Likasimama tena. Akauangalia mteremko kwa muda, kisha akavua kofia ngumu na kumkabidhi dada yake bila kumtazama.

Baiskeli ilipakiwa nyuma, Kitinda akakaa katikati yao. Timu kubwa ilikuwa kule chini, ikiwachagua wengine. Pikapu ikaanza kushuka. Kwenye kona ya kwanza kali Bwana Gereji alichelewa kidogo kukanyaga breki, na miguu minne ya ndugu wawili ikaikandamiza sakafu kwa pamoja.

"Shemeji," alisema Kitinda, "polepole."

"Naenda polepole."

"Polepole kuliko hiyo," akasema Wasiwasi.