Herufi za Daktari Ephantus

Kuna swali Wamucii aliulizwa na binti yake, akajibu kwa kuonyesha kwa kidole tu, na jibu hilo limemkwama rohoni kama mwiba wa samaki.

Binti huyo, Njeri, alikuwa amemaliza chuo na kazi yake ilikuwa kutengenezea watu websaiti, pale pale sebuleni kwao mtaani Munyaka, laptopu juu ya meza ya kulia. Siku hiyo alikuwa na kazi ya mtu anaitwa Ephantus, muuza dawa za mizizi mwenye ofisi town na nyumba Elgon View kwa matajiri, ambaye hujiita Daktari. Websaiti yake ya zamani ilikuwa na jina juu kabisa kwa herufi za kijani, zimejipinda kama maharagwe yaliyopanda kijiti, majani yakichungulia katikati. Njeri alizicheka. Alisema hizo ni za kadi ya harusi, hakuna mgonjwa ataziamini. Juu ya ukurasa panataka fonti safi, ya kisasa, isiyo na mikia, herufi zimesimama wima na kuachiana nafasi ya kupumua.

Akapanga fonti nne kwenye kioo, jina ni lile lile, akamwita mama yake kutoka jikoni. Wateja wa Ephantus wengi walikuwa kina mama waliofika darasa la saba wakaachia hapo, kama yeye. Mama akiamini, wote wataamini.

"Mami, kati ya hizi, gani unaona ni ya mtu wa maana?"

Wamucii alifuta mikono akaangalia. Moja ilikuwa ya bluu iliyokolea, nyembamba kiasi, imetulia kama nesi aliyepiga nguo pasi. Akaionyesha. Akasema hiyo inakaa ya hospitali. Njeri alifurahi akampigia Ephantus simu hapo hapo, na Wamucii akarudi kwa sufuria yake akijisikia mtu aliyesaidia.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani alipoingia kwa jirani yake Benta kurudisha chekeche. Benta ana binti, Rosebella, ambaye amedungwa sindano za sukari tangu akiwa mdogo. Chupa ya dawa hukaa ndani ya chungu cha maji kwa sababu friji hawana. Wamucii alimkuta msichana amelala kwa kochi, midomo imepasuka, jagi la maji kando yake na beseni la matapishi chini. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva zikapita. Chungu kilikuwa kimepinduliwa kwa kona, kimekauka.

Akauliza sindano ziko wapi. Benta alimwambia kwa furaha kwamba wameachana nazo, Mungu amefungua njia. Rosebella sasa alikuwa anakunywa unga wa mizizi, na hiyo kutapika Daktari alishawaambia ni sukari inatoka mwilini. Kumpeleka hospitali ni kuharibu dawa.

"Daktari gani, Mama Rosebella?"

Benta akampa simu. "Ona mwenyewe. Hawa si wale wa kubandika karatasi kwa nguzo za stima. Hawa ni watu wamejipanga."

Zile herufi za bluu zilikuwa pale juu, wima, safi, hazina habari na mtu.

Wamucii alimrudishia simu. Alisema mtoto ainuliwe apelekwe sasa hivi. Benta akakataa, akamwuliza yeye amesomea wapi udaktari. Hapo hakukuwa na njia ingine.

"Hayo maandishi unaamini, ni Njeri wangu aliyapanga. Kwa meza yangu. Na mimi ndiye nilichagua hiyo bluu, nikiwa nakaanga vitunguu."

Benta alimwangalia muda, kisha akaangalia simu, kisha mtoto. Alimbeba Rosebella kama alivyokuwa, bila viatu, Wamucii akakimbia mbele kutafuta teksi.

Hospitalini waliambiwa wangechelewa kidogo tu wangerudi na mwili. Rosebella alitundikiwa maji akaanza kudungwa, na mama yake akakaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo kwa ukuta, asitake kuzungumza na Wamucii.

Njeri alikuwa anakula alipoambiwa na mama yake. Alisema yeye hakuandika mambo ya dawa, yeye ni wa fonti tu, na kila mtu ana haki ya kuwa na ukurasa unaosomeka.

"Pale pameandikwa waache sindano," Wamucii alisema. "Ulisoma?"

"Mami, mimi huwa naletewa maneno..."

"Nimeuliza kama ulisoma."

"Nilisoma."

Wamucii alisukuma sahani ikaanguka. "Huyo mtu alikuwa na herufi zake za kubembea na watu walimjua kwa hizo. Wewe ndiye ulimvalisha koti jeupe. Na ukaniita mimi nimfunge vifungo."

Wazazi tunaulizana tu kama mtoto amepata kazi. Hatuulizi ni kazi ya nani.

Njeri alilia, akafungua laptopu autoe ule ukurasa. Nywila ilikuwa imebadilishwa. Akampigia Ephantus. Ephantus alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kazi nzuri aliyomfanyia, akakata. Alipopiga tena hakushika.

Asubuhi Wamucii alimvuta binti yake mpaka wodi ya watoto. Njeri alianza kuomba msamaha, lakini Benta alimnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amechoka hata kwa kugombana. Akamtolea simu, ukurasa umefunguliwa, akamwelekezea ile safu ya vitanda na kina mama waliokuwa wamekaa kando ya watoto wao.

"Mimi usiniambie kitu. Zunguka uwaonyeshe hao vile ulifanya."

Njeri akamgeukia mama yake. Wamucii alikunja mikono.

Basi akaenda, kitanda kwa kitanda, akisema kwa sauti iliyokuwa inakatika kwamba ukurasa huu si wa hospitali, kwamba hizi herufi ni zake, alizichagua ili waamini. Wengine walimtazama kama kichaa. Mmoja alimwuliza analipwa na nani kuharibia watu jina. Alipofika kwa mama wa kitanda cha mwisho hakumaliza kusema. Yule mama alikuwa tayari ameingiza mkono chini ya mto wa mtoto, akatoa mkebe wa unga wa mizizi, akaushika mbele yake bila kujua auweke wapi.