Fundi wa Mashine za Goodness

Mimi sidanganyiki kirahisi. Nyanya iliyooza ndani naijua kwa kuigusa tu. Miaka ishirini nauza barabarani hapa Ilula. Kwa hiyo daktari wa Mbeya aliposema mjukuu wangu Goodness analegea kwa sababu vijimashine vya nguvu ndani ya chembe za mwili wake vinapungua, na kwamba mtoto huvirithi kwa mama, nilimgeukia Anyelwisye, mke wa mwanangu Clement. Ehee! Si nilisema?

Tangu siku hiyo nikawa namchunguza. Akipika, namwambia aonje yeye kwanza. Akiongea Kinyakyusa na mama yake kwenye simu, natega sikio, ingawa sielewi hata neno. Nikamwambia Clement, "Damu ya huyu ina kitu. Mrudishe kwao, mtoto abaki." Anyelwisye akafunga begi, akaliweka mlangoni, akasema ataondoka majibu ya damu yakitoka, siyo kabla.

Yalipotoka, tukaenda Mbeya wote. Daktari akachora chembe moja ya mwili: duara na kiini katikati.

"Mama, mashine ni za mama, kweli. Lakini maagizo ya kuwaunda mafundi wanaozinakili na kuzitengeneza yako humu kwenye kiini: nusu ya mama, nusu ya baba. Kwa Goodness nusu zote mbili zina kasoro. Hao mafundi ndio wabovu."

"Na huyo baba kaitoa wapi?" nikauliza kwa ukali.

"Kwa wazazi wake. Mtu anaweza kuibeba maisha yote asiumwe. Kwenu hakuwahi kutokea mtoto wa hivi? Kope kulegea na kufunika macho, degedege?"

Ezekia wangu, mdogo wake Clement, alikufa na miaka mitatu, kope zimemwangukia machoni hivyo hivyo. Nilisema wifi yangu Matilda kamroga. Nililisema kanisani, watu wanasikia, mpaka akahamia Nyololo.

Anyelwisye aliinama, hakusema kitu. Ningekuwa mimi, ningesema!

Nyumbani nililifungua lile begi mwenyewe, nikarudisha kanga zake kabatini moja moja. Kisha nikaomba namba ya Matilda, nikampigia. Miaka ishirini na sita hatujasemezana.

"Wifi, ni mimi, Yunisi."

"Safari hii nimemuua nani?"